Muziki kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia unafanya kazi gani hasa

Ukimwambia mtu kwamba kuna hospitali mgonjwa yuko ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi, mpira umepita mdomoni mpaka kwenye koo, mashine ndo inampumulia, alafu nesi anamvisha hedifoni asikilize muziki anaoupenda, wengi watadhani ni mbwembwe tu za nchi zenye hela. Nimesoma sana juu ya hili jambo na naona tunalielewa vibaya kotekote, kuna wanaolidharau na kuna wanaolikuza mpaka linakuwa kama uganga, eti sauti ya aina fulani inaponya mapafu. Hakuna muziki unaoponya mapafu. Nimonia ya bakteria inatibiwa na antibayotiki, na mapafu yaliyochoka yanahitaji oksijeni na muda. Kinachoguswa na muziki ni hofu ya mtu aliye macho huku anapumuliwa na mashine, pamoja na dawa za usingizi anazopewa kwa sababu ya hofu hiyo, na hapo ndo penye uzito wote.

Sasa ili uelewe kwa nini hofu iwe jambo kubwa hivyo kwa mtu ambaye tayari anapigania uhai, inabidi ujue mashine inamfanya nini. Ukipumua kawaida, ule msuli ulio chini ya mapafu unashuka, kifua kinapanuka, hewa inaingia yenyewe. Mashine inafanya kinyume, inaisukuma hewa iingie kwa nguvu, na inaisukuma kwa kupitia mpira ambao umepita katikati ya nyuzi za sauti, kwa hiyo mgonjwa hata awe na akili zake zote hawezi kutoa neno. Hawezi kusema ana kiu, hawezi kusema mgongo unamuuma, hawezi kuuliza leo ni lini. Mara kwa mara nesi anapitisha kamrija kembamba ndani ya ule mpira ili kunyonya makohozi, na hapo mgonjwa anakohoa bila sauti, machozi yanamtoka, kwa sekunde kadhaa anahisi kama hewa imekatwa kabisa, alafu kamrija kanatolewa, mashine inaendelea, na yeye anajua baada ya muda katarudi tena. Saa ingine mikono inafungwa kwa kitambaa laini kwenye kingo za kitanda ili asije akauvuta mpira. Taa ziko juu usiku na mchana. Na kelele ndo usiseme, Shirika la Afya Duniani linashauri sauti kwenye vyumba vya wagonjwa iwe desibeli 30 hadi 35 hivi, lakini ICU nyingi zikipimwa zinakutwa ziko 50 na kitu, 60, na alamu zikilia zinaruka kupita 80.

Mtu wa hali hiyo akiogopa, hofu haibaki kichwani tu. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, anaanza kupumua harakaharaka, na mashine ina mpangilio wake, inamsukumia hewa wakati yeye anataka kuitoa, manesi wanasema mgonjwa anapigana na mashine. Akipigana nayo mwili unatumia oksijeni nyingi zaidi, ile ile oksijeni ambayo ndo shida iliyomleta, namba kwenye monita zinaharibika, alamu inalia, na daktari anaongeza dawa ya usingizi. Anatulia. Lakini kadiri anavyolazwa kwa dawa ndivyo misuli ya kupumulia inavyonyong'onyea, na kadiri inavyonyong'onyea ndivyo inavyokuwa kazi kumtoa kwenye mashine, anakaa siku nyingi zaidi, anapata maambukizi, anaogopa zaidi, dozi inapanda tena. Huo mzunguko ndo unaowanyima usingizi wataalamu wa ICU.

Kuna wakati ilikuwa kawaida kabisa kumlaza mgonjwa wa mashine usingizi mzito siku zote. Alafu mwaka 2000 likatoka jaribio moja la Chicago, Marekani, wagonjwa 128, nusu yao dawa za usingizi zilikuwa zinasimamishwa kila siku mpaka wazinduke kidogo, na hao walitoka kwenye mashine siku 2 na ushee mapema kuliko wenzao. Baadaye, mwaka 2006, ikaonekana kwamba lorazepam, dawa ya usingizi iliyokuwa inatumika sana, inaongeza uwezekano wa mgonjwa kuchanganyikiwa, hali ambayo madaktari wanaiita deliriamu: hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani, anaamini nesi anayemhudumia anataka kumuua. Hii sio hali ya wachache, tafiti nyingi zinaikuta kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa wa mashine, hadi asilimia 80 sehemu zingine. Na wapo waliopona wakarudi nyumbani lakini miezi mingi baadaye bado wanaota zile ndoto za ICU, hawawezi kulala, wanaogopa hata kupita karibu na hospitali.

Ngoja niingize historia kidogo maana inasaidia. ICU kama tunavyoijua ilizaliwa Copenhagen, Denmark, kwenye mlipuko wa polio wa mwaka 1952. Watoto na vijana walikuwa wanapooza misuli ya kupumua, mashine hazitoshi, daktari wa ganzi Bjørn Ibsen akashauri watobolewe kooni wapitishiwe mpira na hewa isukumwe kwa mkono, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakawa wanapokezana zamu kuminya mifuko ya hewa mchana na usiku kwa wiki nyingi. Wengi wa wale watoto walikuwa macho. Aliyewapumulia alikuwa binadamu amekaa pembeni, anawatazama usoni, anaona wakikunja uso kwamba hewa imezidi au imepungua, na wanafunzi walikuwa wanawasomea hadithi. Mashine zilipokuja zikaokoa watu wengi mno, hilo halina ubishi, ila yule mtu wa pembeni akaondoka, na mimi naamini sehemu kubwa ya tunachokiita tiba ya muziki ICU ni juhudi ya kumrudisha kwa njia nyingine.

Haya, ushahidi. Utafiti unaotajwa kuliko mingine yote ni wa Marekani, kwenye jimbo la Minnesota, maeneo ya Minneapolis na Saint Paul, ukiongozwa na Linda Chlan ambaye yeye mwenyewe ni nesi, na mimi naona sio ajali kwamba aliyeliona hili vizuri ni nesi maana daktari anapita kitandani dakika kumi, nesi anakaa zamu nzima. Walichukua wagonjwa 373 kutoka ICU 12 za hospitali 5, kati ya mwaka 2006 na 2011, matokeo yakachapishwa 2013. Wote walikuwa kwenye mashine ya kupumulia lakini wana fahamu, wanaweza kuelewa na kukubali wenyewe kushiriki. Wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa muziki, la pili hedifoni za kuzuia kelele bila muziki wowote, la tatu liliendelea na huduma ya kawaida tu.

Angalia walivyofanya na lile kundi la muziki. Hakuna aliyekuja na sidii ya "muziki wa kutuliza" akawawekea kwa lazima. Ndani ya saa 24 mtaalamu wa tiba ya muziki alikuja kitandani kwa mtu asiyeweza kusema, akamuuliza anapenda nini kwa karatasi ya maswali, anajibu kwa kutikisa kichwa au kuonyesha kwa kidole, akamkusanyia sidii za nyimbo zake. Alafu mgonjwa akaambiwa hivi vyombo ni vyako, sikiliza muda wowote unaotaka, ukiona hofu inakuja vaa, ukichoka vua, na nesi kazi yake ni kukumbusha na kusaidia kuvaa pale mikono inaposhindwa. Ndani ya hedifoni kulikuwa na kifaa kidogo kinachorekodi ni muda gani zimetumika kweli. Na hofu ilipimwa hivi: mgonjwa anaonyeshwa mstari wa milimita 100, chini ni hakuna hofu kabisa, juu kabisa ni hofu kubwa kuliko zote alizowahi kuzipata, anaonyesha yuko wapi. Fikiria mtu huyo, siku kadhaa hajaulizwa chochote anachoweza kujibu, leo anaulizwa unaogopa kiasi gani na jibu lake linaandikwa.

Wagonjwa wa kundi la muziki walisikiliza wastani wa dakika 80 hivi kwa siku, wa hedifoni tupu walizivaa dakika 34 hivi. Kwenye ule mstari, hofu ya watu wa muziki ilikuwa chini kwa pointi 19.5 ukilinganisha na wa huduma ya kawaida. Kufika siku ya tano walikuwa wanapewa dozi 2 pungufu za dawa za usingizi, sawa na punguzo la asilimia 38, na ukali wa dawa zenyewe ulikuwa chini kwa asilimia 36. Mwaka 2018 wakapiga hesabu za hela wakakuta kila mgonjwa wa muziki ameokoa zaidi ya dola 2,000 za matibabu, baada ya kutoa gharama za muziki wenyewe. Kwa kitu ambacho hakiongezi sumu yoyote kwenye ini wala figo, hayo ni matokeo ya kuheshimiwa.

Lakini kuna kitu kwenye huo utafiti ambacho wanaoushangilia mitandaoni huwa hawakisemi. Ukilinganisha kundi la muziki na lile la hedifoni tupu, tofauti ya hofu haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa kitakwimu, wala tofauti ya ukali wa dawa. Kilichobaki wazi ni kwamba watu wa muziki walipewa dawa mara chache zaidi kuliko makundi yote mawili. Maana yake nini? Maana yake sehemu fulani ya faida inatokana na kuzimwa tu zile kelele, na sehemu nyingine, kwa maoni yangu sehemu kubwa, inatokana na kwamba mgonjwa amepewa kitu cha kuamua mwenyewe. Mtu huyu haamui lini ageuzwe, lini aogeshwe, lini atobolewe sindano, hata pumzi yake yenyewe imepangwa na mashine mara ngapi kwa dakika. Ghafla kuna kitu kimoja akitaka kinawaka, asipotaka kinazimwa. Ndo maana nakasirika kidogo nikisikia mtu anasema "tuweke spika wodini tupige muziki mzuri", kwa sababu muziki ambao mgonjwa hawezi kuuzima ni kelele nyingine tu imeongezwa juu ya zile za alamu.

Muziki wenyewe pia una kazi yake ya kimwili, nisije nikaonekana naudharau. Ubongo hauwezi kushika vitu vingi vya nguvu kwa wakati mmoja, ukijaa wimbo unaoujua neno kwa neno, nafasi inayobaki ya kuhesabu milio ya mashine inapungua. Alafu mwendo wa muziki unavuta mwendo wa mwili. Wataalamu wengi wanachagua muziki wa mapigo 60 mpaka 80 kwa dakika, karibu na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia, usio na mishtuko ya ghafla. Hofu ikishuka, homoni za mshtuko kama adrenalini nazo zinashuka. Mwaka 2007 daktari mmoja wa upasuaji ambaye pia ni mpiga piano, Claudius Conrad, na wenzake wa Ujerumani walichapisha kazi yao na wagonjwa mahututi, waliwapigia piano za taratibu za Mozart, mtunzi wa Ulaya wa karne ya 18, kwa saa moja, wakapima damu, na adrenalini ilipungua na dawa za usingizi zilihitajika kwa kiasi pungufu. Watu wakaanza kusema Mozart anatibu. Wagonjwa wenyewe walikuwa 10, na hakuna aliyelinganisha Mozart na mtu mwingine, kwa hiyo kama mgonjwa wako maisha yake yote ni mtu wa rumba usimlazimishie piano za Wazungu.

Na hapa tutenganishe vitu viwili ambavyo vinachanganywa sana. Kusikilizishwa muziki uliorekodiwa ni kitu kimoja, na tiba ya muziki kwa maana kamili ni kitu kingine, ile inafanywa na mtu aliyesomea, Marekani kozi za chuo kikuu zilianza miaka ya 1940 baada ya wanamuziki kuwapigia askari waliojeruhiwa vitani na watu kuona wanabadilika. Mtaalamu wa namna hiyo akija na gitaa lake kitandani haanzi na wimbo wa taratibu. Anakaa, anatazama kifua kinavyopanda na kushuka, anatazama monita. Kama mgonjwa anahema mara 30 kwa dakika na anahangaika, anaanza hapo hapo alipo, anapiga kwa kasi ya mgonjwa, na akiona wameshikana anaanza kupunguza kidogo kidogo, mishororo inarefuka, anavuta pumzi ndefu kati ya mstari na mstari, na mara nyingi mwili wa mgonjwa unafuata bila yeye kujua. Ni njia ya zamani, daktari wa magonjwa ya akili Ira Altshuler alikuwa anaitumia Marekani tangu miaka hiyo ya 1940, kwamba umkute mtu alipo kwanza ndipo umsogeze. Mgonjwa akikunja uso anabadilisha, akifumba macho anaendelea, akilia anasimama na kumshika mkono. Sidii haiwezi kufanya hivyo.

Kwa watoto njiti hili limeonekana vizuri sana. Joanne Loewy wa New York na wenzake walifanya kazi na watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati, hospitali 11, matokeo yakatoka 2013 pia. Wazazi walichagua wimbo wao wa nyumbani, wowote ule, wakaimbiwa watoto taratibu kama wimbo wa kubembeleza, na mapigo ya moyo ya watoto yalitulia, na hofu ya wazazi wenyewe ilipungua. Mama aliyekaa nje ya kioo siku nzima hana la kufanya akapewa kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza.

Ukijumlisha tafiti zote inakuwaje? Mwaka 2014 kundi la Cochrane, watafiti ambao kazi yao ni kujumlisha matokeo ya tafiti za tiba, lilikusanya majaribio 14 yenye wagonjwa 805 wa mashine za kupumulia, wakaona muziki kweli unapunguza hofu, unapunguza kasi ya kupumua na ile namba ya juu ya presha inashuka kiasi. Wakasema pia ukweli mchungu kwamba tafiti nyingi ni ndogo na zina tatizo moja lisilokwepeka, huwezi kumficha mtu kwamba anasikiliza muziki, kwa hiyo anayeulizwa "hofu imepungua?" tayari anajua yuko kundi gani. Mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha wataalamu wa ICU wa Marekani unashauri muziki utolewe kama msaada wa kupunguza maumivu, nao kwa lugha ya tahadhari, ushahidi bado ni wa chini. Kuhusu kuzuia deliriamu, Indianapolis walijaribu kwanza na wagonjwa 50 hivi, muziki saa moja mara mbili kwa siku, na walichothibitisha ni kwamba inawezekana kufanyika na wagonjwa wanaukubali, hiyo ni hatua ya kwanza tu, na mtu akikwambia muziki umethibitishwa kuzuia kuchanganyikiwa mwambie bado.

Kitu kingine kinachonigusa kwenye ule utafiti wa Minnesota ni kwamba asilimia 86 ya wagonjwa walikuwa Wazungu, na sidii za kuanzia zilikuwa za ala kama piano, kinubi, gitaa na filimbi za Wahindi Wekundu. Hakuna ubaya, ndo watu wa pale. Ila mgonjwa wa Tanga au Mombasa aliyekulia kwenye taarab, bibi wa kwaya ya Kilutheri, mzee wa Lubumbashi na rumba lake, kijana wa bongofleva, mama anayetulizwa na kaswida au na kisomo cha Kurani, kila mmoja ana lake, na hakuna karatasi ya hospitali itakayolijua kama nyie ndugu hamjasema. Wataalamu wa tiba ya muziki huku kwetu ni wachache mno, kwa hiyo familia ndo yenye huo ujuzi.

Kwa hiyo kama una mtu wako ICU, kwanza ongea na nesi wa zamu au daktari, usije tu na simu ukaiweka sikioni, kuna wagonjwa walioumia kichwa au wenye degedege ambao wenyewe wanataka utulivu kamili. Ukiruhusiwa, hedifoni zipanguswe na spiriti kabla na baada, ziwe za mgonjwa mmoja tu. Na naomba sana, usichomoe waya wowote ukutani ili uchaji simu, hata kama unaona soketi moja haina kazi, njoo na simu imejaa. Sauti iwe ya kiasi cha watu wanaoongea, dakika 20 mpaka saa moja zinatosha, alafu apumzike, muziki usigongane na muda wake wa kulala. Kama ana fahamu muulize kila mara kabla ya kuwasha, "Baba, nikuwekee? Ukitaka nibane mkono." Asipobana usiwashe. Ukiwasha mtazame yeye kwanza, alafu monita, moyo ukipanda, akikunja uso, akigeuza kichwa, zima, usijishawishi kwamba atazoea. Hata wimbo mzuri unaweza kumrudishia kumbukumbu ya mtu aliyefariki, na yeye hana mdomo wa kukwambia. Na kama amelazwa usingizi mzito, mwambie kwanza wewe ni nani na unataka kufanya nini ndipo umvishe, maana wapo waliopona wanaosimulia sauti walizozisikia wakati kila mtu alidhani hawasikii.

Andikeni nyimbo tano sita kwenye karatasi, kaeni kikao cha dakika kumi, mkewe, wadogo zake, rafiki yake wa kazini, kila mtu aseme mgonjwa alikuwa anasikiliza nini jikoni, kwenye gari, kanisani au msikitini. Chini yake andikeni na zile zisizotakiwa kabisa, hasa zilizowahi kupigwa kwenye msiba wa nyumbani kwenu. Karatasi moja ibaki na nyie, nyingine apewe nesi, kwa sababu hofu ya hawa wagonjwa inapanda sana usiku na saa hizo ndugu mmesharudishwa nyumbani.